Taja Jina, Taja Mahali

Jumatatu, 16 Machi

Daktari wa Parklands amenipa kitabu hiki niwe naandika presha yangu kila asubuhi. Kitabu kizima, kurasa mia moja na themanini, kwa ajili ya namba mbili kwa siku. Mimi ni mwalimu, siwezi kuvumilia kuona ukurasa ukipotea bure. Kwa hiyo presha nitaiandika kama alivyotaka, na nafasi inayobaki ni yangu.

152/94. Mawingu yamejaa upande wa Ngong. Mvua bado.

Jumanne, 17 Machi

148/92. Gredi ya sita wamenikausha koo. Hakuna jambo lingine.

Jumatano, 18 Machi

150/92 asubuhi. Jioni sikuthubutu kupima.

Mvua ya kwanza ilianguka saa kumi na moja, mimi ndio nimefika kutoka shuleni, naanua nguo mbio mbio. Nikasikia lango likigongwa. Nilidhani ni Mama Shiku, jirani wa nyuma, amekuja kuomba kitu kama kawaida yake. Kumbe ni Nanjala. Miaka sita sijamwona. Alikuwa ameloa chapachapa, mkono wa kushoto umefungwa kwa leso, wa kulia umeshika mfuko wa karatasi uliokuwa unaachana kwa maji.

Hakunisalimu. Alisema, "Hannah, unaweza kunificha?"

Nanjala na mimi tulilala vitanda jirani miaka miwili katika Chuo cha Mtakatifu Monika, chuo cha ualimu cha wasichana kilichoendeshwa na masista. Siku hizi kimefungwa. Siku ya mahafali nilivaa sketi yake kwa sababu yangu ilichomwa na pasi. Baadaye akaolewa na Bramwel, mwenye malori ya mchanga na mfadhili wa kwaya, na polepole sisi marafiki zake tukaacha kumwona, maana Bramwel hakupenda mkewe awe na marafiki. Mkono ameuvunja Bramwel. Aliupinda kwa sababu Nanjala alikataa kumpa simu yake.

"Alikuwa anapiga kelele?" nikamwuliza. Swali la kijinga.

"Bramwel hapigangi kelele," akasema. "Akinyamaza ndio ujue."

Nimempa chumba cha nyuma, ambacho mpangaji alihama Januari. Sasa amelala, nami naandika, na kila gari linalopita hapo nje linanikatisha sentensi. Naogopa. Sikumbuki mara ya mwisho kuandika neno hilo.

Alhamisi, 19 Machi

156/96.

Alhamisi sina vipindi mchana, kwa hiyo nimeshuka mjini kwa Misa ya saa saba kama kila wiki. Wamonika, sisi tuliosoma Mtakatifu Monika, tulipoanza kukutana pale tulikuwa karibu thelathini. Wengine wamehama, wengine wamefariki, wengine wamechoka. Tumebaki wanne: mimi, Kaluki wa Parklands, ambaye husali hata akimenya vitunguu, Stellah, karani wa benki, mwoga kuliko mimi, na Becky wa Kitisuru. Baada ya Misa tunakaa kwenye benchi la nje, anayeleta nia, yaani jambo la kuombewa, anagawa karatasi, na kila mmoja anabeba nia hiyo kwa saa yake ya kila siku kwa fungu moja la rozari. Kaluki saa kumi na mbili asubuhi, Stellah saa sita, mimi saa tisa, Becky saa moja jioni. Hivyo ndivyo tumepitisha upasuaji wa Stellah, na mtihani wa udaktari wa binti wa Kaluki, na mwaka ule nilipofiwa.

Karatasi lazima iandikwe kwa mkono, na iandikwe kamili. Huo ni urithi wa Sista Perpetua, mwalimu wetu wa chuoni. Ukimwandikia "nawaombea wagonjwa wote," alikurudishia na mstari mwekundu. "Maombi ya jumla jumla ni uvivu," alisema. "Taja jina, taja mahali, taja shida."

Basi jana niliandika nne, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: *Nanjala Wekesa. Yuko kwa Mwalimu Hannah Wangui, chumba cha nyuma, Dagoretti, nyuma ya soko. Mume wake Bramwel asimpate.*

Sista angenipa kumi juu ya kumi.

Becky alifika Misa ikiwa nusu, kama kawaida, akasoma karatasi na kupiga mayowe mpaka watu wakageuka. "Woi! Nanjala wetu? Na vile alikuwa anaimba!" Kaluki aliikunja yake akaibusu.

Ijumaa, 20 Machi

155/95. Mkono wa Nanjala umefungwa plasta. Kituo cha polisi tumepata afisa mwanamke mwenye masikio, ametuandikia karatasi na kunipa namba yake.

Nanjala ameniambia jambo ambalo sikulijua. Ameshamshtaki Bramwel mara mbili. Mara zote mbili Bramwel alimpata kabla ya siku ya kesi, akamrudisha nyumbani, na mahakamani hakufika mtu. Faili ikafungwa.

"Anakufanyaje?" nikauliza.

"Anakaa na mimi. Anakaa tu, anaongea pole pole, siku mbili, siku tatu. Mwishowe naona ni mimi mbaya."

Jumanne, 24 Machi

158/96. Wakili wa msaada amepata tarehe ya kesi: Jumanne, 26 Mei. Miezi miwili. Amesema kitu kimoja tu, amekirudia mara tatu: mpaka siku hiyo, mama huyu asionekane.

Alhamisi, 26 Machi

Becky anasema juzi alikutana na Bramwel kwenye kamati ya harusi huko Kitisuru. "Amekonda," akasema, "hata nilimwonea huruma kidogo."

Nilimwuliza walizungumza nini. Akasema hawakuzungumza kitu, alimsalimu tu. Becky! Aliyerudishwa nyumbani wiki nzima kwa kuongea wakati wa mafungo ya kimya! Nimerudi nyumbani bila raha.

Jumapili, 29 Machi

157/95. Matawi. Nanjala haendi kanisani, anasikiliza Misa redioni, anasimama na kupiga magoti peke yake chumbani. Anatia chumvi nyingi kwenye kila kitu. Sijasema neno.

Jumatatu, 30 Machi

Simu mbili zimelia, namba sizijui. Hakuna anayesema. Nasikia mtu akipumua, na nyuma yake mvua.

Jumanne, 31 Machi

Simu moja.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

171/102.

Alipiga saa nne asubuhi, safari hii kwa namba yake mwenyewe. Sauti ni ya mtu aliyetulia, mzuri wa kusikilizwa.

"Shemeji Hannah, habari ya siku nyingi. Ni Bramwel. Nimepata namba yako kwa shida. Nanjala ametoka nyumbani, na sitaki kusumbua watu, lakini Ryan anauliza mama yake, sijui nimwambie nini."

Ryan ni mtoto wao, yuko chuo Eldoret. Anajua mama yake yuko salama na hajauliza mtu.

Nikasema sijamwona. Nilisema mara mbili, ya pili kwa haraka kuliko ya kwanza, halafu nikaongeza kwamba mvua ni nyingi mwaka huu. Sijui kudanganya. Tangu utotoni nikidanganya shingo yangu inawaka na maneno yanazidi.

"Haya," akasema. "Namwombea kila siku. Nawe uniombee."

Nilikaa jikoni na simu mkononi. Namba yangu ameipata wapi? Becky. Nani mwingine?

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

168/100. Nimewaambia Kaluki na Stellah tusimwambie Becky chochote tena. Zamu yake ya saa moja nimeichukua mimi. Stellah ameuliza kama ni haki. Nimemjibu vibaya, na siku ya Pasaka.

Alhamisi, 9 Aprili

Becky hakuja. Hakuna aliyemwita, kwa hiyo sijui kwa nini nimeumia kuona nafasi yake iko wazi.

Kaluki amesema hatumuombei Nanjala vya kutosha, fungu moja la rozari ni kidogo kwa jambo zito hivi. Nimemwambia aongeze anavyoweza.

Jumapili, 12 Aprili

163/98. Mvua kutwa. Nanjala ameosha sufuria ambazo zilikuwa safi, kwa mkono mmoja, akizibana kwa goti.

Jumatano, 15 Aprili

160/97. Mama Shiku anasema kuna mtu mpole sana sokoni anaulizia nyumba ya mwalimu Hannah, ati anataka kumfundishia mtoto masomo ya ziada. Hakumwelekeza kwa sababu hakupenda viatu vyake. Mungu ambariki Mama Shiku na chuki zake zote.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika haraka, mnisamehe mwandiko. Sijui namwandikia nani "mnisamehe."

Saa nane na nusu mchana mvua ilikuwa inapiga mabati hata redio haisikiki. Niliona mwavuli mweusi juu ya lango. Nikajua kabla ya kuona uso. Nilimfanyia Nanjala ishara ajifungie chumbani, nikatoka, nikafungua kile kidirisha cha lango tu.

Bramwel alikuwa amevaa koti la Jumapili. Mkononi ana nyama, kama kilo mbili, imefungwa kwa karatasi, ametoka nayo buchani hapo sokoni. Akanipitishia. Nami, kwa adabu za kijinga nilizofundishwa, nikaipokea.

"Shemeji, nimekuja kumchukua mke wangu."

"Hayuko hapa."

Akatabasamu kwa huruma kabisa, kama ninavyowatabasamia watoto wanaosema mbuzi amekula daftari.

"Nikueleze vile nimejua," akasema. "Namba yako ya simu ilikuwa kwa daftari lake la zamani, lakini nyumba sikuijua. "Mke wangu hawezi kukosa Misa. Kwa hivyo nimekuwa nikienda parokia moja Misa ya kwanza, ingine Misa ya pili, kila Jumapili, namtafuta. Nimezunguka tisa. Jumapili iliyopita nilikuwa Parklands, na nimechoka, nikamwambia Mungu, kama hutaki nimpate, niambie niache. Msomaji akasimama kusoma nia za Misa. Akasoma jina la mke wangu. Akasoma jina lako. Chumba cha nyuma, Dagoretti, nyuma ya soko. Halafu akafika mahali akakohoa, akanyamaza. Nilijua hapo ndio niko mimi." Macho yake yalilowa, na naapa haikuwa mvua. "Nilipiga magoti, Mwalimu. Sijawahi kujibiwa hivyo."

Ilikuwa karatasi yangu, neno kwa neno, kwa koma zake. Na mtu huyu anamshukuru Mungu yule yule.

"Hayuko," nikasema tena. Shingo inawaka moto.

"Sina haraka. Nitangoja kwa gari. Akiwa tayari, aje."

Akarudi ndani ya gari, akaliegesha likaziba lango. Kiwanja changu hakina mlango mwingine.

Nilimpigia afisa. Akasema wanakuja, lakini daraja limejaa maji, nisubiri. Nikampigia Kaluki, nikamwuliza moja kwa moja. Alianza kulia kabla sijamaliza.

"Aki Hannah, ni mimi. Niliona tumeomba kidogo, nikataka asomewe Misa. Ile karatasi yako nikaiweka kwa bahasha ya nia vile ilikuwa. Sikuandika ingine. Mimi naendanga Misa ya kwanza, sikujua imesomwa ya pili. Sikufikiria! Si ndio vile sisi huandika?"

Ndiyo. Ndivyo sisi huandika. Nilitaka kumfokea, lakini mwandiko ni wangu.

Nikaenda chumba cha nyuma. Nanjala alikuwa ameketi kitandani, ameshavaa viatu, na mfuko wake mapajani.

"Nitoke tu," akasema. "Mwishowe ananipatanga. Nitoke nisikuletee shida."

"Kaa hapo," nikamwambia kwa sauti ya darasani. Akakaa.

Simu ikalia. Ilikuwa Becky. Kaluki alikuwa amempigia Stellah, na Stellah amemweleza Becky kila kitu, ingawa nilimkataza.

"Usiende kwa gate," akasema. "Nyuma yako kuna nini?"

"Ua wa mabati, halafu ng'ombe wa Mama Shiku."

"Ng'oa mabati."

Niling'oa mabati mawili kwa mpini wa jembe, mvua ikinifunika kelele. Shukrani kwa mvua, mimi ambaye nimeilaani mwezi mzima. Baada ya kama dakika arobaini nikaona mtu anakuja kupitia nyasi za ng'ombe, amekunja sketi ya hariri hadi magotini, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Gari lake ameliacha barabara ya juu.

"Kwani hii matope yenu huwa haiishi?" akasema Becky. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa hofu, na bado anatania.

Tulimpitisha Nanjala kwenye pengo, tukiukinga mkono wenye plasta na kona za mabati. Nilimwuliza Becky anampeleka wapi.

"Sikuambii. Wewe huwezi kudanganya, uso yako inasema kila kitu. Na Kaluki na Stellah pia sitawaambia. Nitajua mimi peke yangu."

"Becky, nilidhani ni wewe. Namba yangu, na—"

"Najua ulinitoa. Hiyo saa moja yangu niliendelea kuomba tu." Akamshika Nanjala kiuno, wakaondoka kwenye nyasi. Sikupata hata nafasi ya kumuaga.

Nilirudisha mabati, nikaosha miguu, nikangoja robo saa. Kisha nikafungua lango wazi.

"Ingia uangalie," nikamwambia Bramwel.

Akafunga mwavuli vizuri, akaukung'uta, akapangusa viatu kabla ya kuingia. Aliangalia jikoni, chumbani kwangu, chooni. Katika chumba cha nyuma aliinama akaweka kiganja katikati ya kitanda, akakiacha hapo muda mrefu.

"Bado kina joto," akasema.

Afisa alifika akiwa ameondoka zamani. Nyama ile nimempa mbwa wa Mama Shiku. Ameizunguka mara mbili kabla ya kuila.

Jumapili, 19 Aprili

182/106. Sijaenda Misa. Mara ya kwanza tangu upasuaji wangu wa nyonga.

Jumanne, 21 Aprili

176/104. Daktari ameongeza dawa, anauliza kama kuna kinachonisumbua. Nikasema ni watoto wa shule. Ni likizo, naye anajua.

Alhamisi, 23 Aprili

Tumekutana wanne. Kaluki alitaka kupiga magoti mbele yangu pale nje, watu wanapita. Nimemwambia ainuke: yeye alitia bahashani, lakini aliyeandika anwani ni mimi, na nilijisifu. Becky hakusema lolote kuhusu Nanjala ila kwamba anakula, na anatia chumvi nyingi.

Kinachonitesa ni kile alichosema Bramwel pale langoni. Wiki nne sisi tuliomba asimpate, naye aliomba ampate, na kwa dakika moja pale kanisani ilionekana yeye ndiye aliyesikilizwa. Siku hizi nikishika rozari saa tisa vidole vinaganda. Naomba hivyo hivyo, kwa hofu, kama mtu anayebisha hodi asijue nani mwingine yuko ndani.

Alhamisi, 30 Aprili

170/101. Leo Misani niligeuka wakati wa matoleo nikamwona Bramwel. Safu ya tano nyuma yetu. Amenifuata kutoka shuleni bila shaka, maana Misa hii haijui. Anaimba vizuri.

Jumapili, 3 Mei

165/99. Ukuta wa choo cha Mama Shiku umeanguka kwa mvua.

Alhamisi, 7 Mei

Yuko. Safu ya tatu. Hakutukaribia. Nimempigia afisa, anasema kuhudhuria Misa si kosa.

Jumatatu, 11 Mei

Gari lake lilikuwa ng'ambo ya shule watoto wakitoka. 174/103.

Alhamisi, 14 Mei

Yuko. Safu ya pili. Stellah amesema tuache kukutana mpaka kesi ipite. Becky amekataa: "Tukiacha, atajua bado ni sisi tunamficha." Nilimtazama vizuri leo. Amepungua. Pete inamzunguka kidoleni. Sikuwahi kujua kwamba Becky anaweza kubeba kitu peke yake, na sasa anabeba hiki, na hawezi kumwambia hata mumewe.

Jumapili, 17 Mei

Siku tisa kabla ya kesi. 169/100. Mvua imepungua, asubuhi kuna ukungu tu.

Alhamisi, 21 Mei

178/105 jioni. Nimepima sasa hivi kwa kuwa sikuamini asubuhi.

Leo alikaa nyuma yetu kabisa. Nilihisi pumzi yake shingoni wakati wa Injili, pumzi ile ya kwenye simu. Tulikuwa tumeketi hivi: Stellah mwishoni, kisha Kaluki, kisha mimi, kisha Becky karibu na ukuta. Baada ya Baba Yetu padre akasema tutakiane amani. Watu wote wakageuka kupeana mikono, na sisi tungefanya nini? Tukageuka.

Alimshika Stellah mkono kwa mikono yake yote miwili. "Amani iwe nawe," akasema, na chini kwa chini, "Yuko wapi?"

"Sijui," Stellah akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. Bramwel alimwangalia kama fundi anayeangalia saa, akaona ni kweli, akamwachia.

"Amani iwe nawe, Kaluki. Yuko wapi?"

"Sijui, kaka, naapa mbele ya altare, sijui." Ilikuwa kweli. Akamwachia.

Ndipo nikaelewa anachofanya. Hakuhitaji jibu. Alihitaji uso tu, na alikuwa na nyuso nne za kusoma. Mbili zimekwisha. Nikamtupia Becky jicho. Mikono yake ilikuwa chini ya mkoba, imeng'ang'ania kamba, na uso wake umekuwa rangi ya jivu. Becky ambaye hajawahi kunyamaza kitu maishani. Angesema "sijui" na mtoto wa chekechea angeona. Na Bramwel angetoka pale nyuma yake, mpaka Kitisuru, mpaka popote.

Akanishika mimi. Mikono yake ni ya joto na laini.

"Amani iwe nawe, Mwalimu. Yuko wapi?"

Kweli yenyewe ilikuwa mdomoni, tayari, safi: sijui. Ningeisema, angeniamini, angepita kwa Becky.

"Najua," nikamwambia.

Aliinamisha kichwa anisikie vizuri.

"Wao hawajui. Becky alinisaidia kumtoa tu, nikampeleka mimi baadaye. Ni mimi peke yangu ninajua, na sikuambii. Hata ukikaa na mimi mwaka mzima."

Sikuzidisha neno lolote kuhusu mvua. Nilimtazama machoni, na shingo yangu ikabaki baridi. Miaka hamsini na tatu sijafaulu kudanganya, nikafaulu mbele ya altare, mikono yangu ikiwa ndani ya mikono yake, katikati ya amani. Alinibana vidole mpaka pete ikaniuma mfupa. Kisha akaniachia taratibu. Kwaya ilikuwa imeanza Mwanakondoo wa Mungu. Hakumnyooshea Becky mkono.

Sikwenda kukomunika. Kwanza niungame, na sijui nitaungamaje, kwa kuwa sijutii. Nje Becky alitaka kusema kitu, nikampita kama simjui, maana Bramwel alikuwa ngazini akiangalia.

Ijumaa, 22 Mei

180/104. Jua limetoka, la kwanza baada ya siku nyingi. Matope ya njiani yameanza kushika.

Siku nne kabla ya kesi. Bramwel alinifuata hadi shuleni, akangoja, akanifuata kurudi. Hajanisemesha. Afisa anasema atakuwa akipita hapa asubuhi na jioni, na Mama Shiku amekuja na mbwa wake na kiti, ameketi uani kwangu, anachambua maharagwe na kutukana viatu vya watu. Nimeshindwa kusahihisha hata daftari moja.

Kutoka dirishani naliona gari lake, limeegeshwa ng'ambo ya barabara, kioo kimeshushwa. Anakula ndizi. Na akae. Muda wote ambao yuko hapa kwangu, hayuko aliko Nanjala.